Mhamishe Mtoto, Usihame na Mdomo

Novemba mwaka jana dada yangu alinitumia picha tatu kwa WhatsApp. Zote zilikuwa fomu za kujiunga na shule za msingi za ingilishi midiamu pale Sumbawanga. Chini yake akaandika: "Msomi wetu, nichagulie."

Mimi nilikuwa Dodoma, nahangaika na sura ya pili ya tasnifu ya uzamili, tasnifu ambayo inahusu ushiriki wa wazazi katika shule za msingi za serikali. Dada anauza maharage na mchele sokoni. Shemeji anaendesha fuso, anapeleka mahindi Tunduma. Wana watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, alikuwa anamaliza darasa la tatu katika shule ya serikali, zile tunazoziita Kayumba. Mdogo ni wa kike, alikuwa awali shule hiyohiyo.

Nikamuuliza, "Unawahamisha wote?"

"Mkubwa tu. Ada ya wote tutaitoa wapi? Mdogo atasubiri."

Nitasema mapema ninachoamini, ili anayetaka kubishana nami aanze mapema. Simlaumu mzazi anayemtoa mtoto Kayumba. Ninachokilaumu ni namna tunavyoondoka: kimya kimya, kwa aibu kidogo na kwa majivuno kidogo, halafu tukishatoka tunaona suala la elimu limekwisha. Katika magrupu yetu, sisi wenye digrii, mjadala wa elimu siku hizi ni huu tu: shule gani ya binafsi ni nzuri kuliko nyingine. Ile shule tuliyoiacha haina tena mtu wa kuisemea, na ndani yake kuna yule mdogo anayesubiri.

Desemba nikapanda basi kwenda nyumbani. Desemba Ufipa ni mvua na jembe, kila mtu yuko shambani, lakini dada alijipa siku mbili tuzunguke. Tulianza na shule ya bweni, nje kidogo ya mji. Majengo mazuri, maua, mtu wa mapokezi mwenye Kiingereza cha kutusalimia na Kiswahili cha kututajia ada. Nilimkumbusha kwamba mwaka 2023 wizara ilitoa waraka unaozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali. Akacheka kwa upole. "Hao wa waraka wako Dodoma, dada. Wazazi wetu ndio wanaotaka bweni." Nikamwambia na mimi nimetoka Dodoma. Dada akanikanyaga mguu.

Shule ya pili ni ya kutwa, ina mabasi ya njano. Basi linapita mtaani kwa dada saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwezi wa Desemba mtu anaweza kuona ni jambo dogo. Anayeijua Sumbawanga ya Juni na Julai, upepo unaposhuka kutoka milima ya Mbizi na watu wazima wanatembea na blanketi begani, atafikiria mara mbili kabla ya kumsimamisha mtoto wa miaka tisa barabarani saa hizo. Getini kulikuwa na bango: darasa la saba wote wamefaulu, asilimia 100, hakuna hata mmoja chini ya daraja B.

Nikauliza swali moja: hawa walioko kwenye bango, walipoanza darasa la kwanza walikuwa wangapi?

Mwalimu aliyetupokea akaangalia pembeni. "Wengine walihama," akasema.

Ningependa kila mzazi anayezunguka na fomu mkononi alichukue swali hilo. Mabango ya asilimia 100 yanatengenezwa hivi. Kwanza kuna usaili wa kuingia, asiyejua kusoma hapokelewi. Kisha kuna wastani, na asiyeufikia anakaririshwa darasa au mzazi wake anaitwa ofisini na kuambiwa kwa lugha ya huruma kwamba mtoto "angefaa zaidi mazingira mengine". Serikali imekemea mchezo huu mara nyingi, na bado upo. Ikifika Septemba ya darasa la saba, wanaokaa kwenye mtihani ni wale waliobaki kwenye ungo. Hao wangefaulu hata chini ya mti. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha mwaka 2023 kutangaza shule bora na wanafunzi bora, lakini hatukuacha kuzitafuta. Sasa tunazitafuta kwenye mabango ya getini, ambayo hakuna anayeyakagua.

Na wale waliochujwa wanaenda wapi? Wanarudi Kayumba. Shule ya serikali haina haki ya kumkataa mtoto. Inapokea aliyekataliwa, mwenye ulemavu, aliyehamia jana kutoka Kirando baada ya baba kufariki, anayekuja bila sare. Halafu mwishoni tunaweka matokeo yao pembeni ya matokeo ya shule ya mabasi ya njano na kusema, "Umeona?"

Shule ya tatu iko mtaa wa pili kutoka nyumbani kwa dada. Kuta hazijapigwa plasta upande mmoja. Haina basi, haina bango. Mwalimu mkuu, mwanamke wa makamo, alipoulizwa swali langu alifungua daftari la mahudhurio. Darasa la saba walianza 28, wako 24, na kwa wanne waliopungua alikumbuka kila mmoja alikwenda wapi. Akamwita mtoto, akampa kitabu cha Kiingereza cha darasa la pili asome. Mtoto akasoma herufi kama za Kiswahili, moja baada ya moja, kwa sauti kubwa na bila aibu. Mwalimu akatabasamu, akamgeukia dada: "Mama, hesabu zake ni za darasa la nne. Kiingereza chake bado. Nikimpokea ataanza la pili. Sitaki kukudanganya."

Miaka miwili nyuma! Dada alitoka pale amekasirika. Yule wa basi alikuwa tayari kumpokea darasa la nne moja kwa moja, mradi alipe awamu ya kwanza kabla ya sikukuu.

Usiku, tukila ugali na mgebuka, nilimuuliza dada swali ambalo nadhani wazazi wengi hawajiulizi kwa sauti: unanunua nini hasa? Hakufikiria. "Kiingereza," akasema. "Kingine nini? Kuhesabu anajua. Kusoma anajua. Lakini akifika fomu wani atakuwa kama wewe."

Kama mimi. Niliingia kidato cha kwanza Januari 2013, shule ya kata. Darasa la tano nilikuwa nimejifunza huduma ya kwanza kwa Kiswahili, na niliipenda hata nikamfunga bandeji jirani yetu aliyejikata na jembe. Mwalimu wa baiolojia alipoingia na kuuliza kwa Kiingereza nini maana ya festi eidi, sikujibu. Sikujua kwamba anauliza kitu ninachokijua. Mtoto mmoja aliyetoka shule ya binafsi akanyoosha mkono, akajibu, akapigiwa makofi matatu. Yeye hakuwahi kumfunga mtu bandeji. Wiki zile za mwanzo za kufundishwa Kiingereza cha kuanzia hazikunisaidia kitu. Nilikaa kimya karibu mwaka mzima, na katika ukimya huo walimu waliandika kwenye ripoti yangu kwamba sina uwezo.

Basi dada hakukosea. Anachonunua ni daraja la kuvukia kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza. Swali langu ni hili: nani alichimba mtaro unaohitaji daraja?

Tulifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma baada ya 1967, tukaacha sekondari iendelee kwa Kiingereza, kwa maelezo kwamba ni jambo la muda. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ikapendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari kuanzia 1985. Serikali ikakataa. Waliokuwa na uwezo wakaanza kuwapeleka watoto wa msingi Kenya na Uganda. Miaka ya 1990 milango ikafunguliwa, ingilishi midiamu zikaota hapa nyumbani. Sera ya mwaka 2014 ikazungumzia tena Kiswahili katika ngazi zote. Kidato cha kwanza hadi leo kinaanza kwa Kiingereza. Na serikali haioni aibu kuendesha shule zake za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza kwa wazazi kuchangia ada: Olympio na Diamond za Dar es Salaam, Arusha School ya Arusha. Maana yake inajua. Inajua mtaro upo, inajua daraja linagharimu kiasi gani, na imeridhika daraja liwe bidhaa.

Unaweza kuchagua upande wowote katika ugomvi wa lugha. Mimi niko upande wa Kiswahili hadi chuo kikuu. Wewe unaweza kutaka Kiingereza kuanzia awali. Lakini huwezi kutetea mfumo unaomfundisha mtoto miaka saba kwa lugha moja na kumpima maisha yake yaliyobaki kwa lugha nyingine, halafu ukamuuzia mzazi tofauti iliyobaki.

Na bei ya hiyo tofauti hapa kwetu inapimwa kwa magunia. Ada ya shule ya kutwa aliyoitaka dada ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka, bila basi, bila sweta. Kwa bei ya mahindi ya siku ile ni magunia 24. Upande wa pili, ruzuku ya uendeshaji ambayo serikali imeipangia shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiwango cha tangu enzi za MMEM, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Piga hesabu mwenyewe: ada ya mtoto mmoja ni ruzuku ya watoto 120. Mshahara wa mwalimu haumo humo, ni kweli. Lakini chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo vimo.

Najua pia bei hiyo inavyoweza kumgeuka mtu. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Mkoa wa Rukwa ulikuwa na mahindi mengi, bei ikaanguka, na baba akabaki na magunia yake stoo akiyalinda na panya. Mdogo wangu alikuwa darasa la tano shule ya binafsi. Asubuhi moja waliitwa majina mstarini, wasiolipa upande huu. Alirudi nyumbani saa nne na begi lake, akaenda kumsaidia mama kupukuchua maharage kana kwamba ni Jumamosi. Mwezi uliofuata alikuwa Kayumba, anaanza upya kusema kwa Kiswahili mambo aliyofundishwa kwa Kiingereza. Watoto walimwita Mzungu hadi anamaliza darasa la saba. Shule iliyomfukuza haikufanya kosa kisheria. Ni biashara, na baba alikuwa mteja aliyeishiwa. Ndiyo hatari ambayo hakuna fomu inayoiandika: siku elimu ya mwanao inapokuwa bidhaa, kiti chake darasani kinapanda na kushuka na soko la mahindi.

Siku ya pili tulikwenda Kayumba kuomba uhamisho. Sitaitaja shule kwa jina. Tulimkuta mwalimu mkuu ofisini, akatafuta namba ya prem ya mtoto, akaanza kujaza. Hakuuliza sababu. Niliona hilo likimuumiza dada kuliko kama angeulizwa. Alikuwa amejiandaa kujitetea. Mwisho akasema mwenyewe, "Mwalimu, siyo kwamba nimewadharau."

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Mama, na mimi wangu yuko ingilishi midiamu. Sikulaumu." Kisha akanitazama mimi, labda kwa sababu ya miwani. "Darasa lile la mwanao lina watoto 94. Wazazi wanaoweza kusimama kwenye kikao wakamuuliza mtendaji swali likamkaa kooni, walikuwa watano. Wewe ni wa nne kuondoka."

Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari langu. Baadaye nilipokuwa narudi Dodoma niliona ni nadharia ninayoisoma chuoni, ila yeye aliisema vizuri zaidi. Mchumi Albert Hirschman alitoa mwaka 1970 kitabu kilichoanzia kwenye swali la reli ya Nigeria: kwa nini reli iliendelea kuwa mbovu wakati malori yalikuwa yanainyang'anya mizigo? Jibu lake ni kwamba malori yalikuwa ndiyo sababu. Wateja waliokereka zaidi, wale ambao wangepiga kelele hadi meneja akose usingizi, walihamia kwenye malori. Reli ikabaki na wasio na pa kwenda, na fedha za serikali zikaendelea kuingia, kwa hiyo hakuna aliyestuka. Akasema shule za umma zinaweza kufa kwa njia hiyohiyo: wanaojali ubora ndio wa kwanza kutoka. Nilimweleza shemeji habari hiyo, yeye mtu wa fuso, akacheka sana. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyeua reli?"

Hapana, shemeji. Sisi sote.

Sasa niseme na wewe unayesoma hapa. Nakufahamu kwa sababu ni mimi. Ulisoma Kayumba, ukakalia tofali, ukabahatika. Leo unaandika kuhusu ukoloni wa lugha, na mwanao, au yule utakayempata, tayari umemwekea nafasi kwenye shule ambayo Kiswahili ni kosa la kuadhibiwa. Ofisa elimu unayemlaumu ana wake huko. Mbunge ana wake huko. Mwalimu mkuu ana wake huko. Nchi nzima inaendesha shule ambazo waendeshaji wake hawathubutu kuzitumia. Ukimwambia mtu hivyo anakujibu kwamba mtoto wake si wa kufanyiwa majaribio ya siasa.

Dada alinijibu hivyo pia, ila kwa maneno makali zaidi. Nilikuwa nimemwambia kwamba labda mtoto abaki, tumtafutie twisheni ya Kiingereza, naye apambane kwenye kamati. Akaacha kuosha vyombo. "Wewe una digrii moja, unatafuta ya pili. Mwanangu ana miaka tisa. Akisubiri sera ibadilike atakuwa na ndevu."

Sina jibu kwa hilo, na sitaki kujifanya ninalo. Mtoto ana utoto mmoja. Hakuna mzazi anayepaswa kumtoa mwanawe kafara ili mimi niwe na msimamo mzuri. Ndiyo maana sikumwambia tena abaki. Nilimwambia mambo mawili.

La kwanza, kama ni kuhama, tuchague shule inayotuambia ukweli. Aende ile isiyo na plasta. Afadhali arudi darasa la pili na mwalimu anayejua jina la kila mtoto aliyeondoka, kuliko aingizwe la nne na mtu anayehesabu awamu za ada. Shule iliyokubali kutupoteza kama wateja kwa kusema ukweli ndiyo niliyoiamini. Na iko mtaa wa pili: hakuna basi la alfajiri, hakuna bweni, na mahindi yakianguka tena mtoto hatahitaji safari ya kurudishwa.

La pili, ahame mtoto, wewe usihame. Una mtoto mwingine pale. Anaingia darasa la kwanza Januari, na ni msichana, na kila mtu nyumbani ameshakubali kimya kimya kwamba yeye ndiye wa kusubiri. Muda uleule utakaoutumia kwenye vikao vya ada vya mkubwa, utumie nusu yake kwenye kikao cha mdogo. Uliza ruzuku imeingia shilingi ngapi. Uliza kwa nini mapato na matumizi hayajabandikwa ubaoni kama inavyotakiwa. Uliza mwalimu wa Kiingereza wako wangapi na lini wa pili atakuja. Shule ya binafsi inakusikiliza kwa sababu unaweza kuondoka. Hii itakusikiliza kwa sababu hujaondoka.

Dada alisema ataona.

Mwishoni mwa Januari alinipigia. Mkubwa yuko darasa la pili, ndiye mrefu kuliko wote mstarini, wiki ya kwanza alilia na ya pili akaacha. Mdogo yuko Kayumba, dawati moja watoto wanne. Na kikao cha wazazi kimefanyika. Wazazi waliofika kwa shule nzima walikuwa 17. Dada alisimama akauliza kuhusu ruzuku. Mwenyekiti akamkata: "Mama, wewe si umeshamhamisha mwanao?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nimemhamisha mmoja. Mwingine yupo hapa. Na hata asingekuwepo, ushuru ninaolipa pale sokoni hauendi ingilishi midiamu."

Wazazi wakapiga makofi. Wiki iliyofuata karatasi ya mapato na matumizi ilibandikwa ubaoni, ya robo moja tu, imeandikwa kwa mkono. Mwalimu wa Kiingereza bado ni mmoja kwa shule nzima. Kikao kingine kimepangwa baada ya kupalilia, na dada amewaambia wanawake wawili wa sokoni, ambao watoto wao walishahama, waje naye.